Kopo la Bi Salhiya

Sura ya Bi Salhiya Msabah ilitolewa mtaroni kwa pauro.

Masika yalikuwa yamepamba moto. Siku hiyo mvua ilipiga tangu alfajiri bila ya kuvuta pumzi, na mtaro unaopita nyuma ya nyumba za Jang'ombe ukajaa mpaka ukatapika. Maji yakaingia majumbani bila ya hodi, yakaondoka na kandambili za watu, yakalowesha magodoro na mabusati. Mvua ilipoanuka, wanaume wa mtaani walikunja suruali wakatumbukia mtaroni kuzibua. Wanawake walisimama ukingoni na ndoo na mafagio, kila mmoja akilia na lake.

Pauro ya kwanza ilipanda na matope meusi, chupa za maji na vipakti vya ubuyu. Ya pili vilevile. Iliyofuata ilibeba vipakti vitupu, vimeshikamana tabaka juu ya tabaka. Vilikuwa vifuko vidogo vya nailoni, vyekundu, na juu ya kila kimoja mwanamke aliyejitanda mtandio wa kijani akitabasamu.

"Jamani, si Bi Salhiya huyu!" alisema mmoja wa waliokuwa ndani ya mtaro, akikinyanyua kimoja juu.

Watu walicheka. Walikuwa wamechoka, wamelowa, na kicheko kiliwajia kama dawa. "Bi Salhiya, leo umetuzamisha kwa ubuyu wako!" alipiga kelele mwengine. "Tuseme ulitaka tukae nyumbani tuule wote!"

Bi Salhiya mwenyewe alikuwa pale pale, kanga imemganda miguuni, fagio mkononi. Chumbani kwake gunia zima la sukari lilikuwa limeyeyuka na kuondoka na maji. Hakucheka. Aliweka fagio chini, akashuka mtaroni na nguo zake, matope yakamfika magotini, akaokota kipakti kimoja na kukifuta kwa kidole gumba. Ile picha ya mtandio wa kijani walishaacha kuichapisha tangu mwaka juzi. Sukari yake imekwenda, godoro lake halifai tena, lakini kipakti kilikuwa kizima, na rangi ya midomo haijapauka hata kidogo.

"Endeleeni kucheka," aliwaambia. "Mkimaliza nipeni pauro."

Alichimba nao mpaka maji yakapata njia.

Jang'ombe walimzoea kwa ukaidi huo. Alizaliwa Kizimbani, baba yake akifanya kazi katika shamba la serikali la karafuu na viungo, na yeye akakua pua yake ikijua iliki nzuri kabla ya kuiona. Aliolewa mjini, na ndoa ilipovunjika watu wa kwao walimtaka arejee shamba. Alikataa. Alikaa na binti zake wawili katika chumba cha kupanga, akatia ubuyu jikoni, akauza. Mwalimu mmoja alipomfukuza getini pa skuli, alihamisha sinia lake hatua chache mpaka upande wa pili wa njia, ambako mwalimu hana amri, akaendelea kuuza huku akimwamkia kila asubuhi kwa heshima zote. Hata mwalimu akaja kuwa mteja.

Ubuyu wake ulikuwa na jina. Aliichemsha sukari mpaka ikawa nzito, akatia iliki, pilipili manga na rangi, akamimina mbegu za ubuyu na kuzigeuza kwa mwiko hadi kila moja ikavaa koti lake. Zamani aliufunga katika karatasi za madaftari. Aliyemtoa kwenye karatasi ni Mudrik, mtoto wa marehemu mdogo wake, kijana mchangamfu mwenye maneno matamu. Mudrik ndiye aliyeleta vifuko vya nailoni na mashine ya kubana midomo yake kwa moto, na ndiye aliyempeleka kwa mpiga picha. Akaupakia ubuyu kwenye boti, ukafika Dar es Salaam, ukafika Tanga. Mabinti wa Bi Salhiya walisoma kwa ubuyu ule mpaka wakaolewa. Hilo hakulisahau hata siku aliyokuwa na hasira naye kuliko zote.

Mudrik alikuja wiki ile ile ya mafuriko, uso umejaa habari.

"Shikamoo, mamkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo pakavu."

Alitoa mfuko mkobani na kuusimamisha juu ya meza. Ulisimama wenyewe. Ulikuwa wa dhahabu, unang'ara, una zipu juu na kidirisha mbele, na pembeni ya kidirisha, sura yake, safari hii na mtandio wa zambarau. "Unatoka nje huu," alisema Mudrik kwa fahari. "Madukani Dar hawataki tena vipakti vya kitoto. Wanataka kitu cha namna hii. Ukiuweka huu rafuni, mtu anaununua kabla hajajua ndani mna nini."

Bi Salhiya aliugeuza geuza. Akachukua mkasi akaukata katikati, Mudrik akashtuka kama aliyekatwa yeye. Nje ulikuwa plastiki, ndani fedha inayong'ara, na baina yao kitu chengine chembamba. Alijaribu kuzitenganisha kwa kucha asiweze. Akapiga kelele dirishani: "Mwanakhamis! Hebu njoo mara moja."

Mwanakhamis alikuwa jirani na shoga yake. Kazi yake ilikuwa kuokota plastiki mitaani na fukweni na kuwauzia wenye mashine za kusaga. Alifika akiwa na gunia lake, akaupokea mfuko, akaukunja, akaunusa.

"Hii wananunua?" aliuliza Bi Salhiya.

"Hii? Hii hata ukiwapa bure hawaitaki. Wamegandisha vitu vitatu pamoja, ukiiyeyusha haiwi chochote. Mie naiacha hapo hapo nilipoikuta."

"Na vile vya zamani vyekundu?"

"Vile vidogo mno, shoga. Niokote kutwa nzima nipate uzito gani? Na rangi ile inaharibu kila kinachochanganywa nacho." Mwanakhamis alimtazama kwa haya kidogo. "Sikupata kukwambia kwa sababu ni vyako."

Mudrik alitabasamu kwa subira. "Mamkubwa, hayo si yetu. Sisi kazi yetu ubuyu. Taka zina wenyewe, kuna baraza la manispaa."

"Baraza halikutolewa mtaroni na watu wakalicheka," alisema Bi Salhiya. "Nimetolewa mie. Sura ni yangu."

"Sasa utafungia nini? Gazeti? Ubuyu utayeyuka hata boti haijapita kisiwa cha Chumbe!"

"Sijui nitafungia nini. Lakini katika hicho, mie simo. Na vile vyekundu leo ndiyo mwisho."

Mudrik alidhani ni hasira za mafuriko, zitapita na masika. Alipoona hazipiti, alisema maneno ambayo pengine aliyajutia kabla hayajamaliza kutoka. Alisema wapika ubuyu wako wengi Unguja, na asiyetaka kwenda na wakati aachwe kituoni. Bi Salhiya alimfungulia mlango. Alimfungulia kwa adabu, kama anavyofunguliwa mgeni.

*

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kushindwa, na hakuna haja ya kuipamba. Karatasi alizozirudia hazikuweza na unyevu wa Unguja. Baada ya siku mbili ubuyu uligandana kuwa jiwe, na mteja mmoja aliurudisha ukiwa pande moja akauliza aule au ajengee. Alinunua vichupa vya kioo, vikavunjika njiani. Akasukisha vikapu vidogo vya ukindu, vizuri vya kutia machozi, na sisimizi wakavifurahia kuliko binadamu. Mabinti zake walimwomba amwite Mudrik wapatane. Aliwajibu kwamba njaa anaijua, walishawahi kukaa nayo chumba kimoja.

Usiku hakulala kwa mawazo, lakini mchana hakumwonesha mtu. Alikwenda kwa Mwanakhamis, akakaa naye penye rundo lake la plastiki, akamsaidia kuchambua. Chupa nyeupe huku, za rangi kule, vifuniko mbali. Ni hapo, mkono umo ndani ya gunia, alipouliza jambo lililokuwa likimwasha.

"Mwanakhamis, umewahi kuokota ndoo nzima?"

"Ndoo nzima? Nani atupe ndoo?"

"Beseni je? Dumu?"

"Labda limepasuka. Tena likipasuka wanapandia maua." Mwanakhamis akacheka. "Dumu watu wanaliiba, hawalitupi."

Bi Salhiya aliutoa mkono guniani. Ndoo ni plastiki. Dumu ni plastiki. Mtaroni siku ile hakuliona hata moja. Alikuwa akiigombeza plastiki yenyewe miezi yote hii, kumbe ugomvi wake ulikuwa na kitu kinachotengenezwa ili kitupwe. Chenye kazi kinabaki nyumbani.

Asubuhi ya pili walikuwa mtaa wa Amani, kwenye banda la Khatib.

Khatib alikuwa fundi mwenye mashine moja kongwe ya kumiminia plastiki. Alitengeneza vyombo vya sabuni, vikombe na vishikio vya milango, na alizungumza na mashine yake zaidi kuliko na watu. Alimsikiliza Bi Salhiya mpaka mwisho huku akifuta mikono.

"Kopo lako peke yako? Linataka kalibu, Bi Salhiya. Chuma cha kumiminia kinachongwa, kinasuguliwa, kinajaribiwa. Kalibu si sambusa, ukaikunja ikawa."

"Na ile pale chini ya meza?"

Chini ya meza kulikuwa na kalibu kuukuu ya makopo ya samli, ya mfanyabiashara aliyefunga zamani. Imekaa ina kutu na buibui. Khatib aliinama akaitazama kama mtu aliyekumbushwa jamaa yake. "Hiyo inaweza kuchongwa upya," alikiri. Na hapo alikuwa ameshanaswa.

Waligombana tangu siku hiyo. Khatib alitaka rangi nyekundu, ubuyu ni mwekundu, kopo liendane nao. Mwanakhamis akasema kopo la rangi likifika uzeeni halisagwi na chochote isipokuwa rangi yake, lakini lisilotiwa rangi linaweza kuzaliwa tena kuwa kitu chochote. Bi Salhiya akasema basi halitiwi rangi. Khatib alitaka kifuniko cha plastiki laini kwa sababu ndivyo inavyofanywa kote. Wanawake wakasema mwili na kifuniko viwe plastiki ya namna moja, vinginevyo wasagaji watavitenganisha na kifuniko kitaangukia mtaroni. Khatib alisema kifuniko kigumu kitapasuka. Kikapasuka.

"Nshawaambia," alisema, na sauti yake ilikuwa na raha.

"Fanya chengine," alisema Bi Salhiya.

Chengine hakikuingia. Kilichofuata kiliingia kikakataa kutoka, Khatib akakifungua kwa kisu akajikata kidole, akalaani kalibu, ubuyu na siku aliyofungua mlango. Mwishowe yeye mwenyewe, bila ya kuombwa, akachonga meno mapana ya kuzungusha, kama ya chupa kubwa za maji, na kifuniko kikakaa. Alikizungusha na kukifungua mara nyingi mbele yao, akawa kama mtoto aliyepewa firimbi.

Mdomo wa kopo Bi Salhiya aliupima kwa mkono wake mwenyewe, mkono na kitambaa cha kuoshea, uingie mpaka chini. Pembe za ndani akataka ziwe mviringo ili sukari isipate pa kujificha. Karatasi ya kubandika hakuitaka, kwa sababu gundi yake ndiyo inayowatesa wasagaji. Jina likachongwa ndani ya kalibu, likatoka limenyanyuka juu ya kopo: Ubuyu wa Bi Salhiya. Na kitakoni, kwa herufi kubwa, alitaka maneno mawili tu.

"SI TAKA," Khatib alisoma. "Nani atatazama huku chini?"

"Atakayekuwa anataka kulitupa."

*

Bi Salhiya aliuza kopo na ubuyu wake pamoja mara ya kwanza. Baada ya hapo, anayerudi na kopo tupu alijaziwa kwa bei nafuu. Watu walilalamika. Mazowea yao ni kununua, kula, kuachia mkono. "Mie sina kopo leo, nimelisahau," mtu alisema. "Basi kalichukue," alijibu Bi Salhiya, na ubuyu ukakaa pale pale unamtazama. Wengine waliondoka wakinuna wasirudi. Wengine walikwenda mbio nyumbani.

Polepole makopo yakapenya mtaani. Yalionekana jikoni na bizari ndani, chooni na sabuni ya unga, kwa fundi cherehani na vifungo. Bi Salhiya alikasirika mwanzo kwamba hayarudi, kisha akakaa akafikiri, akacheka peke yake. Kopo lililojaa vifungo halikuwa limepotea.

Ndipo Mwanakhamis alipokuja siku moja bila ya gunia, ameshika kitu chini ya kanga yake. Alikitoa taratibu. Ulikuwa mfuko wa dhahabu wenye zipu, na pembeni ya kidirisha Bi Salhiya alitabasamu katika mtandio wa zambarau.

"Nimeuokota njiani Darajani," alisema. "Mudrik anauza. Kapata mpishi Bububu."

Bi Salhiya alionja mbegu iliyobaki ndani. Haina iliki. Imetiwa arki ya chupa ya dukani, na chumvi imezidi. Kisha akanyanyuka, akavaa buibui, akatia kigoda kimoja na kopo moja la ubuyu kikapuni.

Meza ya Mudrik ilikuwa penye njia kuu ya soko la Darajani, mifuko imepangwa kwa safu, jua la asubuhi likaifanya yote iwake. Bi Salhiya alimpita bila ya kumsemesha, akaweka kigoda chake ubavuni pa meza, akakaa. Alifunua uso. Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja mgeni kutoka bara, akaushika mfuko, akaitazama picha, akamtazama Bi Salhiya, akaitazama tena.

"Mama, huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Sura ni yangu, ubuyu si wangu. Sikuupika, na mfuko huu niliukataa kwa mdomo wangu. Wangu huu hapa, onja."

Mudrik aliinama, akanong'ona kwa meno. "Mamkubwa, nakuomba. Twende tukazungumze nyumbani. Watu wanatazama!"

"Watazame," alisema Bi Salhiya, na hakunong'ona. "Si ndiyo sababu ukaiweka sura, ili watu waitazame? Leo wameipata na mwenyewe."

Watu wa Darajani hawahitaji kuitwa mara mbili. Wachuuzi waliacha mizani, wauza samaki walikuja na visu mkononi, na kila aliyefika alisimuliwa upya na aliyemtangulia. Mudrik alijaribu kucheka nao, akasema mzee wake amechoka kidogo, mafuriko yalimtikisa. Hapo Bi Salhiya alinyanyuka.

"Nimechoka, naam. Nimechoka kukanyagwa. Nilitolewa matopeni mbele ya jirani zangu, na wewe ulikuja wiki ile ile kunichapisha tena. Ungeniambia unataka jina, ningekupa. Ungetaka mapishi, ningekufunza, mama yako alikuwa mdogo wangu. Lakini usinitupe njiani, Mudrik. Nifute humo."

Mkuu wa soko aliitwa. Alikuja na kofia yake na sauti yake, akauliza bibi huyu ana kibali cha kuuza hapa.

"Siuzi," alisema Bi Salhiya. "Nimekaa tu na sura yangu. Hiyo iliyo mezani ina kibali?"

Mkuu wa soko alitazama meza, akatazama kigoda, akakuna kidevu, akakumbuka kwamba ana shughuli upande wa ndizi.

Bi Salhiya alirudi kesho yake na keshokutwa. Siku moja mvua ilimkuta, Mudrik mwenyewe akanyoosha turubai yake mpaka ikamfunika mamkubwa wake, maana damu ni damu, na wote wawili wakakaa chini yake bila ya kutazamana. Baada ya siku hiyo mifuko ilitokea na kikaratasi cheupe kimebandikwa juu ya uso wake. Na watu wakiuliza kilichofunikwa, wauza samaki waliwaeleza kwa furaha. Haukupita muda mrefu meza ya Mudrik ikageuka kuwa ya vifuniko vya simu.

*

Aliyebisha hodi kwa kishindo zaidi alikuwa Tabia, mpika ubuyu wa Kwahani, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka mitaa miwili. Bi Salhiya alimjua kwa sifa na kwa ushindani.

"Bi Salhiya, tuelewane leo," alianza Tabia kabla hajaketi. "Watu wananiletea makopo yako niwajazie. Nikiwajazia, ubuyu wangu unatembea na jina lako. Nikikataa, wanakuja kwako. Umenibana kotekote. Nifanyeje?"

"Wajazie."

"Na jina?"

Bi Salhiya alisema atalifikiria. Tabia alipoondoka, alikaa na kopo mapajani, akipapasa kwa kidole zile herufi zilizonyanyuka. Alizipenda. Hakuna haja ya kusema uongo, alizipenda kama pete. Maisha yake yote jina lake lilikuwa mdomoni mwa watu, na hapa lilikuwa kwenye kitu kigumu, kitakachodumu kuliko yeye. Alikaa nalo mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Akasali, akaenda Amani.

"Lifute jina," alimwambia Khatib.

Khatib alizima mashine, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Umelipigania Darajani mpaka mkuu wa soko akaitwa, leo unataka nilifute?"

"Darajani nilipigania sura yangu isiwe juu ya uchafu. Hili ni jengine. Hili kopo likiwa langu peke yangu, litarudi kwangu peke yangu, na Jang'ombe haitoshi. Chonga upya. Wapikaji wote walitumie, wa Kwahani, wa Bububu, hata wa Jambiani akitaka. Aliyenunua kwangu akajaziwe kwa Tabia. Aliyenunua kwa Tabia aje kwangu, na hapo tutaona nani ana iliki."

"Na hayo ya kitakoni?"

"Hayo yaache."

Khatib alisugua jina kwa siku nzima. Alidai baadaye kwamba ilimuuma kuliko kidole alichokata.

Si wote waliokubali. Wapikaji wengine walisema huu ni ujanja wa Bi Salhiya wa kuwatawala, na wako mpaka leo wanaofunga kwenye nailoni. Mtu wa hoteli moja ya ufukweni alikuja na gari nzuri, akasifu kopo kwa maneno mengi, kisha akaomba vifuko vidogo vya mtu mmoja mmoja, vya kuwekwa juu ya mito ya wageni, vyenye picha ya jani la kijani ili waone ni vya kutunza mazingira. Bi Salhiya alimuuliza hilo jani linafanya nini kifuko kikishatupwa. Yule bwana alisema ni alama tu. "Chukua makopo, uwajazie wageni wako kwa kijiko," alimwambia. Hakuchukua. Alinunua ubuyu wa kula mwenyewe, akashusha kioo cha gari, akaondoka na kopo mapajani.

Mudrik alikuja baada ya Idi. Alisimama mlangoni kama aliyesahau njia.

"Shikamoo, mamkubwa."

"Marahaba. Umekonda."

"Dar wananiuliza," alisema. "Ule wa mwanzo. Wenye iliki." Alitazama viatu vyake. "Nimeyaona makopo kwa watu kwenye boti. Naweza kuyapeleka. Wanayataka."

"Yakienda yamejaa, yatarudi matupu. Wewe ndiye utakayeyarudisha."

"Mamkubwa! Nipande boti na magunia ya makopo matupu? Mabaharia watanicheka."

"Watakucheka. Mie walinicheka nikiwa mtaroni na nguo zangu, nikachimba. Unataka hutaki?"

Mudrik alitazama nje, akatazama sufuria iliyokuwa ikitoa mvuke wa iliki mekoni, akavua viatu akaingia ndani.

Mzigo wa kwanza ulirudi nusu yake. Yaliyorudi yalinata sukari nyekundu, moja lilikuwa na misumari, jengine lina harufu ya dagaa. Mudrik aliyamwaga uani karibu na bomba, jasho likimtoka, akaeleza kwa urefu jinsi wapagazi wa bandarini walivyomfanyia mzaha, jinsi mwenye duka mmoja alivyomwambia makopo ameyagawa kwa shemeji zake na hayarudishi.

"Safari ijayo kamwambie hapati ubuyu mpaka shemeji zake watoe," alisema Bi Salhiya. Alikuwa ameshaketi, maji ya moto kwenye beseni, kitambaa mkononi. Alimsukumia Mudrik kigoda cha pili.

Waliosha. Mkono wa Mudrik ulikuwa mkubwa, lakini uliingia mpaka chini. Baada ya muda alinyoosha mgongo akaguna.

"Hivi mamkubwa, wewe huchoki kugombana na dunia?"

"Nnachoka, tena sana," alisema Bi Salhiya. "Hebu nipe hilo lenye dagaa, wewe huliwezi."